Meli za kitalii: Karamu baharini, makombo bandarini

MAHARAMIA walipoishambulia meli ya Seabourn Spirit karibu na Somalia mnamo Novemba 2005 ikielekea Mombasa, pwani ilihofia kupoteza watalii wa baharini. Ndiposa kila meli itiapo nanga hulakiwa kwa ngoma.

Hata hivyo, nauli ya safari hizo kwa kawaida hujumuisha kiamshakinywa, chamcha na chajio, pamoja na keki na aiskrimu. Abiria huzuru Fort Jesus, kisha hurejea melini kula alicholipia. Mwenye mkahawa Mji wa Kale huambulia patupu.

Kuhesabu abiria pekee hakutoshi. Wadau wapaswa kuafikiana na kampuni za meli ili ziara ya nchi kavu ijumuishe biriani, kaimati na haluwa. La sivyo, mgeni ataondoka na shibe aliyokuja nayo.