Sheria ya Watwa haijaiba kitu chetu

Ndugu raia wa Salamabila, wazazi wetu, vijana wenzetu wa kwenye mashimo ya zahabu na wale wanaongoja kazi nyumbani,

Tangu watu wasikie habari ya sheria namba 22/030, ile ya kulinda Watwa, ambao wengi huku tunawaita Bambote, maneno yamekuwa mengi. Sokoni na pale wanapongojea wateja vijana wa pikipiki, tunasikia yale yale: «Na sisi je? Sisi haiko watu?» «Serikali inachagua watoto.» Na mwingine anacheka: «Sasa Mtwa atatupeleka ku mahakama juu tumemwita Mtwa!»

Kundi letu limekaa, limezungumza, na leo tunasema wazi: hatuko upande wa hasira hiyo. Lakini hatuwatukani walio nayo, kwa sababu tunaijua.

Mimi niliyepewa kazi ya kuandika maneno haya nilimaliza chuo kikuu, na mpaka leo natafuta kazi. Siku niliposoma habari ya sheria hii kwenye simu, nilikasirika. Nilijiambia: baba aliuza mbuzi wote ili nisome, na hakuna sheria hata moja iliyonikumbuka. Nikatuma maneno mabaya kwenye kundi la WhatsApp. Nilipoyafuta, watu walikuwa wamekwisha kucheka.

Kitu kilichonibadilisha ni kopo. Nilipokosa kazi nilienda kubeba mchanga kwenye shimo moja la zahabu. Tulikuwa na Mtwa mmoja, mtu mzima, anatuletea maji. Sisi wote tulikunywa kwa kikombe kimoja. Yeye alikuwa na kopo lake, limetundikwa kando kwenye mti. Siku moja kopo likapotea. Hakuna aliyempa kikombe. Alikunywa kwa mikono, maji aliyoyabeba mwenyewe kwa kichwa chake. Jioni sisi tulilipwa pesa, yeye akapewa chumvi na tumbako. Tulikuwa wengi pale, na hakuna aliyesema kitu. Mimi pia sikusema.

Basi tuulize: sheria hii inasema nini? Ilitangazwa na Rais tarehe 15 Julai 2022, baada ya kupita Bunge na Seneti. Inatambua desturi za Watwa na haki yao juu ya ardhi na msitu wanamoishi tangu mababu. Inasema wasiondolewe pale bila kuelezwa mapema na kukubali wenyewe bila kulazimishwa. Inaidai serikali iwasaidie kufika shuleni, hospitalini na mahakamani. Haisemi Mbantu anyang'anywe shamba lake, wala mtoto wetu afukuzwe shuleni ili mtoto wa Mtwa akae.

Tena si jambo jipya. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 51, inasema serikali ina wajibu wa kulinda makundi dhaifu na wachache wote. Kifungu cha 13 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya dini, kabila au asili ya mtu, katika elimu na katika kazi za serikali. Kifungu cha 12 kinasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria. Wengine wanashika hicho cha 12 peke yake: «Kama tuko sawa, sheria ya wachache ya nini?» Lakini kama watu kumi wanavuka mto na mmoja hajui kuogelea, kumpa huyo kamba si kuwaibia wale tisa. Usawa ni wote wafike ng'ambo.

Tunajua hasira inatoka wapi. Barabara ya kwenda Kasongo, kila mtu anaijua. Usalama, kila mtu anaujua. Zahabu ya Namoya imetoka, kampuni zimekuja na kuondoka, na kijiji kimebaki na mashimo. Mtu ambaye serikali haijampa kitu akisikia mwingine ameahidiwa kitu, roho inamuuma. Ni haki kuumwa. Lakini hasira hiyo tunaipeleka kwenye mlango usio wake. Mtwa hakula pesa ya barabara. Mtwa hakutia saini ya mkataba wa zahabu.

Tuangalie majirani waliokosea mlango. Uganda, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Walikuwamo Wahindu, Waislamu, Masingasinga na Wakristo, lakini watu waliwaita wote Wahindi tu. Raia wengi walishangilia. Walisema: hawa wanatunyonya, duka zote ni zao. Duka ziligawanywa kwa wakubwa na askari, na baada ya muda mfupi rafu zikabaki tupu. Sukari, ambayo Uganda ilikuwa inaitengeneza yenyewe huko Kakira na Lugazi, ikawa kitu cha kutafuta kwa shida. Yule raia aliyeshangilia hakupata duka. Baadaye, Uganda ilipotunga sheria ya 1982 ya kurudisha mali zile, maneno yakawa hayo hayo: «Mbona wao wanarudishiwa? Na sisi je?»

Halafu Aprili 2007. Serikali ya Uganda ilitaka kutoa hekta 7,100 hivi za msitu wa Mabira kwa kampuni ya sukari ya familia ya Mehta. Watu wa Kampala waliandamana kutetea msitu, na walikuwa na haki. Lakini siku ile hasira iliacha serikali na kampuni, ikawageukia watu. Mtu mmoja wa asili ya India, aliyekuwa njiani tu na pikipiki yake, alipigwa mawe mpaka akafa. Hekalu la Wahindu likashambuliwa. Waandamanaji nao walipoteza maisha. Hekalu lile lilikuwa limekata mti gani?

Sisi vijana wa mapambano ya amani tuliweke hilo moyoni, kwa sababu hapa kwetu pia tunaandamana juu ya ardhi na madini. Kuuliza maswali kwa kampuni au kwa mkubwa wa serikali ni haki yetu, na hakuna sheria ya kulinda wachache inayopaswa kutufunga mdomo. Ikitumiwa hivyo, tutaipinga. Lakini kumwadhibu mtu kwa kabila lake, kwa sura yake au kwa pale anaposalia, hiyo si mapambano. Ni uoga unaochagua mtu asiye na nguvu.

Na hatuna haja ya kufika Kampala. Jirani zetu wa Tanganyika, upande wa Nyunzu na Manono, wameona Watwa na Waluba wakiuana, hasa miaka ya 2016 na 2017. Vijiji viliungua. Watu wa pande zote mbili walikufa, wengine wakakimbia. Mambo yale hayakuanza na mishale. Yalianza na kazi bila malipo, na dharau ya kila siku, na kopo lililotundikwa kando.

Kwa wazee wetu Waislamu tunaongeza neno moja, kwa heshima. Wakati wa Mbelgiji, Uislamu wa Kasongo na Maniema nzima uliangaliwa kwa jicho baya. Madrasa zilichunguzwa, na mtu aliyesali aliitwa mfuasi wa Waarabu katika nchi ya mababu zake. Jumuiya ya Waislamu ilingoja mpaka mwaka 1972 kupata utambulisho wa serikali. Siku ile mlitambuliwa, je, Mkatoliki alipoteza kanisa lake? Hakupoteza hata tofali moja. Leo msikiti na kanisa viko karibu karibu na tunazikana pamoja. Mliyotamani kwa ajili yenu, msiwakatalie Watwa.

Lakini tuseme na kosa la upande mwingine. Sheria imeandikwa kwa Kifaransa, na wengi hapa wameijua kwa uvumi tu. Ukileta ulinzi wa watu bila kuueleza kwa jirani zao, unawaachia wachochezi nafasi ya kuueleza wao. Tena tunaogopa kwamba pesa za «miradi ya Watwa» zitaliwa na watu ambao Mtwa hajawahi kuwaona, halafu lawama imrudie yeye. Sheria ya makaratasi inampa Mtwa maadui bila kumpa msaada.

Kwa hiyo tunadai:

1. Wakubwa wa teritwari za Kabambare na Kasongo, pamoja na machifu, waeleze sheria hii kwa Kiswahili, kijiji kwa kijiji na kwenye redio, Watwa wenyewe wakiwepo na wakisema.

2. Wabunge tuliowachagua watuambie ni pesa gani imewekwa kwa ajili ya sheria hii, na imefika wapi.

3. Wenye mashimo walipe kila mfanyakazi pesa sawa kwa kazi sawa. Chumvi si mshahara.

4. Maimamu, mapadri na wachungaji waseme wazi kwamba kumwita mtu mchafu au mchawi kwa sababu ya asili yake ni dhambi, na wasingoje mpaka damu imwagike.

5. Serikali isitumie sheria hii kama kisingizio cha kusahau wengine. Barabara, usalama na kazi za vijana tunazidai bado, na hatutaacha. Tutazidai pamoja na Watwa, si juu ya migongo yao.

Na sisi wenyewe tuanze. Kundi letu limeamua: kwenye mikutano yetu kikombe ni kimoja, na kiti hakina kabila. Ni kitu kidogo, lakini hakihitaji pesa ya Kinshasa wala sahihi ya waziri.

Yule mzee wa maji sijamwona tena. Kama kuna anayemjua, amwambie kwamba kijana aliyekaa kimya siku ile anaomba msamaha.

Salamabila, kwa jina la vijana wote wa kundi.