Bei ya dola isomwe Gety siku ya soko

GETY, IRUMU – Dola ikipanda, wakaaji wa Gety wanaijua kwanza kwa sabuni na chumvi. Muuzaji anasema tu kwamba dola imepanda, na mnunuzi hana mahali pa kuuliza imepanda kiasi gani, wala tangu siku gani. Wanaoumia zaidi ni familia zilizokimbia vita. Shamba wameliacha nyuma, na sasa wananunua hata muhogo ambao zamani waliung'oa wenyewe.

Wazee wanakumbuka kwamba mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1967 zaire moja ilibadilishwa kwa dola mbili. Kufika Oktoba 1993, serikali ya Mobutu ilileta zaire mpya, na moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni tatu. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja franka ya leo: franka moja kwa zaire mpya 100 000. Siku zile dola moja ilikuwa franka 1,38. Aliyeweka pesa ya karatasi chini ya kitanda tangu mwanzo mpaka hapo, alibaki na karatasi.

Watu wa Walendu-Bindi wana mfano wa karibu zaidi. Noti ya franka 20 000 ilitoka Julai 2012, wakati dola ilikuwa karibu franka 920. Noti hiyo moja ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 21. Ni katika miaka hiyo hiyo, 2012 na 2013, ndipo vijiji vingi vya hapa vilikimbia mapigano. Chukua mtu aliyeuza mbuzi zake kabla ya kukimbia, akafunga franka 100 000 ndani ya kitambaa. Alikuwa amebeba zaidi ya dola 100. Mwaka 2024, dola ikiwa karibu franka 2 800, pesa ileile ilikuwa imebaki dola 35 hivi. Hakuna aliyemwibia. Hakuna hata mtu wa kumshitaki.

Tena hapa kwetu dola siyo pesa pekee ya kuangalia. Vitu vingi vya dukani vinavuka Ziwa Albert kutoka Uganda, vinashukia Kasenyi au Tchomia, kisha vinapanda barabarani. Kule vinanunuliwa kwa shilingi. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2 500, na franka 1 000 zingeweza kuzaa shilingi kama 2 700. Mwaka 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 3 700, lakini franka 1 000 zilizaa shilingi kama 1 300 tu. Shilingi nayo ilishuka mbele ya dola, ila franka ilishuka mbio zaidi. Ndiyo maana sabuni ya Uganda inaweza kubaki na bei ileile kwao, na bado ikapanda kwetu.

Mwishoni mwa mwaka 2025 mambo yaligeuka. Franka ilipata nguvu, dola ikashuka chini ya franka 2 500. Katika miji mingi ya Congo watu walilalamika kwamba bei za vitu hazikushuka pamoja na dola. Mwenye dola mkononi alipata franka chache kuliko zamani, akakuta sokoni bei ni ileile. Dola ikipanda, bei inapanda siku hiyo hiyo. Ikishuka, bei inangoja. Hapo ndipo haki inapotea.

Wafanyabiashara wana neno lao, na lisikilizwe. Mwenye duka anasema mali aliyonayo aliinunua wakati dola ilikuwa juu, na njiani alilipa gari, mtumbwi na vizuizi. Ni kweli. Lakini mali ya zamani inaisha. Mali mpya ikifika, bei mpya inapaswa kufika nayo. Na kama sababu ya kupandisha ni dola, mnunuzi ana haki ya kujua dola hiyo ni ngapi.

Kwa hiyo radio za jamii zisome kila siku ya soko bei mbili: dola kwa franka, na shilingi ya Uganda kwa franka. Zisome bei ya Benki Kuu ya Congo na ile ya wabadilishaji wa barabarani Bunia, kwa sababu mara nyingi hazifanani. Kamati ya soko iziandike kwenye ubao, mahali ambapo mama muuza mboga anaweza kuziona. Kazi hiyo inaomba chaki na mtu mwaminifu.

Mashirika yanayogawa pesa kwa wakimbizi wa ndani nayo yasishikilie hesabu ya franka iliyopangwa miezi mingi nyuma. Yaanzie kwenye bei ya chakula cha familia siku ya kugawa, halafu ndipo yahesabu franka.

Vikundi vya akiba vifikirie pia. Kukimbilia dola peke yake siyo dawa: noti ya dola ikichanika kidogo au ikilowa ndani ya hema, wengi wanaikataa, wakati franka iliyochakaa bado inapita. Ni afadhali akiba ya kikundi isikae muda mrefu kama karatasi. Igeuzwe mbegu, jembe, kuku au mbuzi, kadiri usalama unavyoruhusu, maana mbuzi naye anaweza kuporwa.

Bei ya dola haipangwi Gety, na hakuna mtu wa Gety anayeweza kuizuia. Lakini kuijua kunawezekana, na mama anayejua hesabu anaweza kumuuliza muuzaji kwa nini.