MGONGO MBOVU SI UVIVU

Ndugu wanachama, Jumatatu shambani tulisikia mwenzetu akiitwa mvivu eti kwa kuwa hakubeba lumbesa. Hatukubali. Uti wake wa mgongo umepinda upande tangu usichana, bega moja liko juu; hakujipinda mwenyewe. Lakini kulala kutwa nako hakumsaidii, misuli inalegea tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2023: mazoezi yanafaa kwa mgongo uliouma muda mrefu. Basi apewe jembe la mpini mrefu, apalilie kidogo, anyooshe mgongo, atembee, arudi. Mizani nayo anaiweza kutushinda. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukigoma, zahanati siku hiyohiyo. Magunia tubebe wawili wawili, hata sisi wazima. Na siku zake zihesabiwe sawa, karani asikate.