Simu iwe utingo, dereva ni wewe

Wiki hii ni zamu ya washkaji wenye usukani, hasa nyie mnaokatiza Biharamulo na Ngara huku ramani ya simu imefunguliwa. Kuweka ramani si dhambi. Balaa ni pale mtu anapoendesha gari huku macho yamegandia kwenye simu.

Hebu tupige hesabu kidogo. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakula kama mita 22 kila sekunde. Ukiinama sekunde 3 tu kuikuza ramani kwa vidole, umeshakwenda mita 66 kama kipofu. Na hapo mbele kuna semitrela la mzigo wa Kigali linapanda kilima kwa kujikongoja, bodaboda kapakia mikungu ya ndizi, na watoto wanatoka shule. Utamwambia nini mzazi wa mtoto, kwamba ulikuwa unaangalia ramani?

Kwa hiyo andika unakokwenda kabla hujaondoka. Simu ikae kwenye kishikio, isikuzibe kioo, na sauti iwe juu ili utumie masikio. Una abiria pembeni? Mpe yeye simu. Njia panda za kukariri ni tatu tu: Nyakanazi, inayokutoa kwenda Kibondo na Kigoma, Lusahunga, inayogawa Biharamulo mjini na Ngara, na Nyakasanza, inayogawa Rusumo na Kabanga. Ukipitiliza, usifunge breki katikati ya lami. Sogea mbele, tafuta sehemu ya wazi, toka pembeni ndipo ugeuze.

Ramani ipakue mapema ukiwa na mtandao. Satelaiti itakuonyesha ulipo hata bila bando, lakini mchoro wa barabara lazima uwe tayari ndani ya simu.

Halafu kuna hili la mpakani. Ukikaribia Rusumo au Kabanga, simu inaweza kudaka mnara wa Rwanda au Burundi. Wenzetu wako nyuma yetu kwa saa 1, kwa hiyo saa ya simu ikijibadilisha yenyewe, unaona bado una muda, kumbe umechelewa. Ukishtuka, unaanza kukimbiza gari. Kabla ya safari, zima mtandao wa nje na uache saa ya Tanzania. Na ukivuka daraja la Rusumo kumbuka kuwa kule wanaendesha kulia.

Mwisho, ramani ikikuchomekea njia ya mkato ya vumbi, simama uulize bodaboda wa kijiweni. Yeye ndiye anayejua kama mvua ya jana imekata kalavati.

Utingo mzuri anakuelekeza njia, lakini hashiki usukani. Simu nayo iwe hivyo hivyo. Tukutane wiki ijayo, tukiwa wazima!