Mrefu Kila Siku Golini? Hebu Mpeni Kikapu!

Leo naomba tuweke pembeni habari za nani kamchukua nani pale Mwanga, tuongee habari za watu warefu. Nasema warefu wa kweli, wale ukisalimiana nao shingo inauma, mlango wa mgahawa mpaka wainame, na usiku miguu inatoka nje ya chandarua, mbu wanafanya sherehe.

Huku kwetu mtoto wa namna hiyo anajulikana mapema. Darasa la sita tu jina la kuzaliwa limeshasahaulika, anaitwa Twiga, Mnara au Mlingoti. Darasani anapelekwa nyuma asizibe ubao. Akishuka Kibirizi kwenye dagaa anapewa kuvuta kamba, maana mikono yake inafika mbali. Na jioni kwenye chandimu, bila hata kuulizwa, golini! Eti mrefu huyu, nani atamfunga? Kichekesho ni kwamba kipa wa Kigoma aliyevuma nchi nzima, Juma Kaseja, urefu wala hakuwa nao.

Sasa ikitokea mwalimu mmoja mwenye akili akampeleka Mlingoti wetu kwenye kikapu, kwenye ile sakafu ya saruji iliyopasuka na ringi isiyo na wavu, ndipo kasheshe linapoanza. Mpira unamponyoka kama mgebuka aliye hai. Anakanyaga miguu ya wenzake. Dakika tano faulo tatu. Vijana ukutani wanavunjika mbavu, mafupi yenye maneno yanapiga mluzi. Wiki ya tatu humuoni tena, karudi golini. Hapo ndipo nina ugomvi na sisi wenyewe, kwa sababu mtu mrefu kwenye kikapu ni kama embe la mwisho mtini, ukilipopoa mapema utakula uchachu halafu ulaumu mwembe.

Tumchukue Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, kazaliwa 1987. Huyu kikapu alianza kukishika akiwa na miaka 15, wakati wenzake wa Unyamwezini wanaanza wakiwa vidudu. Akatoka Makongo akaenda Marekani, akatangatanga kwenye shule kadhaa mpaka akatua Cypress Community Christian, Houston. Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, wenyewe wanakiita UConn, chini ya kocha Jim Calhoun. Urefu: mita 2 na sentimeta 21. Wengine hapo wangeshangilia wakalala. Calhoun hakulala.

Angalieni hesabu, maana hesabu haina umbea. Msimu wa kwanza, 2006/07, Hasheem alifunga wastani wa pointi 6.2 kwa mechi na kupiga bloku 3.8. Msimu wa pili pointi 10.5. Wa tatu, 2008/09, pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2. Mmeona kitu hapo? Bloku hazikuongezeka sana, alikuja nazo kutoka nyumbani. Pointi ndizo zilizozidi mara mbili. Yaani kuzuia ni urefu na kujua saa ya kuruka, lakini kufunga ni kazi ya miguu, mikono na kichwa, na vitu hivyo havikui pamoja na mfupa. Mfupa unakimbia, akili ya miguu inafuata nyuma inahema!

Kijana aliyerefuka ghafla mwili wake mwenyewe ni mgeni kwake. Jana mkono uliishia hapa, leo umefika kule. Anahitaji chuma cha kunyanyua, chakula cha kueleweka, mtu wa kumfundisha namna ya kugeuka na mpira bila kutembea, na zaidi ya yote namna ya kukaa uwanjani bila kumaliza faulo zake tano. Chuo cha Marekani kinampa hayo kwa miaka minne, na kinaweza hata kumweka mwaka mzima anafanya mazoezi tu, mechi hagusi. Hapa kwetu nani anamsubiri mtu mwaka mzima?

Jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa wanajua zaidi habari hii. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alifika Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akiwa na ndoto ya udaktari, Kiingereza kikimpiga chenga. Mwaka wa kwanza hakucheza kabisa. Mwaka uliofuata akaanza, wastani wa pointi 3.9. Tatu nukta tisa, mshikaji! Kwa kijiwe chetu angeambiwa kauze nyanya. Lakini siku moja ya Januari 1989 alipiga bloku 12 katika mechi moja na St. John's, wakajua wana mali. Alipomaliza mwaka 1991 alikuwa na wastani wa pointi 15.2 na ribaundi 12.2, akachaguliwa wa nne kuingia NBA, na shahada mkononi. Udaktari hakuupata, ila mwaka 2007 alifungua hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake. Alifariki Septemba 2024, na mpaka leo watoto wakizuia mpira wanatikisa kile kidole chake cha "hapana, hapana."

Turudi kwa Hasheem, maana najua mnataka ile ya uchungu. Februari 16, 2009, siku ya kuzaliwa kwake, UConn ikiwa namba moja nchini, walikutana na Pittsburgh yenye baunsa mmoja anaitwa DeJuan Blair. Blair alikuwa mfupi kwa Hasheem karibu sentimeta 20. Wakagombania mpira, Blair akamvuta, Mtanzania wetu akapinduliwa mgongoni kama gunia la mihogo! Blair akamaliza na pointi 22 na ribaundi 23, Hasheem pointi 5 na ribaundi 4. Pitt 76, UConn 68. Kumbe mtu akikaa chini na makalio yake akayasukuma vizuri, urefu wako ni mzigo tu. Hata hivyo mwisho wa msimu hao wawili waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East, na UConn ikafika nne bora ya taifa pale Detroit, ikatolewa na Michigan State.

Hasheem hakusubiri mwaka wa nne. Akaingia NBA, akachaguliwa namba mbili na Memphis, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Februari 2010 akapelekwa ligi ndogo, Dakota Wizards, na hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyekuwa amepelekwa huko kabla yake. Vijiweni maneno mpaka leo: eti kafeli. Mimi nasema tulieni. Kijana aliyeanza na miaka 15 akafika namba mbili duniani akiwa na 22, ukimwita kafeli wewe uliyebaki unahesabu mabehewa tukuiteje? Ila ningekuwa mjomba wake ningemshika suruali: baba, malizia mwaka wa nne, yule Blair kakuonyesha kitu.

Na siyo urefu peke yake. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi ana mita 2 na sentimeta 6, kwa hao wakubwa ni wa kawaida. Chuo cha kwanza, West Virginia, mambo yalimgoma, akaondoka katikati ya msimu mwanzoni mwa 2021. Akahamia Kentucky, na msimu wa 2021/22 akakomba ribaundi 15.1 kwa kila mechi na kuwa mchezaji bora wa vyuo vyote. Kazi yake kubwa? Kugombania mpira uliokosa, ile kazi chafu ambayo vijana wa siku hizi hawaitaki kwa sababu haina picha nzuri kwenye simu. Tena hela za matangazo, ambazo wachezaji wa vyuo waliruhusiwa kuzipata tangu 2021, yeye zilimpiga chenga kwa sababu ya viza ya mwanafunzi, mpaka timu ilipokwenda kucheza Bahamas mwaka 2022, akatengenezea huko.

Kwa hiyo mzazi wa Ujiji mwenye Mlingoti ndani, sikiliza. Akija mjanja na miwani myeusi akasema ana nafasi ya chuo Marekani, lete laki kadhaa za fomu, mfukuze. Kocha anayemtaka mwanao kwa dhati haombi hela kwako, chuo ndicho kinalipa ada, malazi na chakula. Atakachoomba ni vyeti vya shule, na wanavipekua kweli kweli, kwa hiyo hesabu na Kiingereza viende sambamba na kikapu. Na wewe mwalimu wa michezo, UMISSETA ikikaribia usimpange dakika mbili halafu ukamtoa kwa kuwa kapoteza mpira. Mwache apoteze. Mpe kamba ya kuruka, mpe mpira alale nao, na wale mafupi wa ukutani wape kazi ya kuokota mipira.

Wiki ijayo tuna barua ya dada wa Gungu ambaye mchumba kaondoka na Liemba akamwachia redio na deni la redio. Msikose!