Baada ya Salamu

"Mama, hali yako?" "Nzuri tu, dada." "Dawa unameza vizuri?" "Nameza." Kadi inaandikwa tarehe ya kurudi, vidonge vya miezi mitatu vinaingia mkobani, anaitwa mwingine. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya tiba na matunzo ya VVU anayajua mazungumzo haya. Nesi hakufanya kosa, wala mama hakudanganya. Kwetu salamu hujibiwa kwa wema. Hata mgonjwa aliyezidiwa husema sijambo kwanza, ndipo aseme "ila". Kliniki zetu huishia kwenye sijambo, na ile "ila" mama anarudi nayo nyumbani.

Toleo hili ni la hiyo "ila". Tunadai kwamba maswali machache yaliyopangwa, ambayo mgonjwa mwenyewe huyajibu kwa alama, kuhusu maumivu, usingizi, hofu, unyanyapaa na tendo la ndoa, yawe sehemu ya kila hudhurio kama ulivyo mzani.

Kipimo cha wingi wa virusi kimetufikisha mbali, na hatukibezi. Lakini kwa mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa huchukuliwa mara moja tu kwa mwaka, na hakina habari na miguu inayowaka moto usiku, usingizi uliopotea tangu abadilishiwe dawa, au kopo la vidonge lililozikwa kwenye unga ili mume asilione. Mtu huanza kuruka dozi kwa sababu kama hizo, na maabara huja kujua baadaye.

Zana zipo. Jumuiya ya Afrika ya tiba shufaa, APCA, ina kipimo cha maswali 10, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemuuguza, kilichojaribiwa Uganda na Afrika Kusini. Asiyesoma anaweza kujibu kwa mkono: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. PHQ-9, fomu ya kupima sonona yenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, imekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili.

Hapo kwenye tafsiri nina neno. Ukimuuliza mtu kuhusu sonona atakutazama tu. Muulize kama ana mawazo, atasogeza kiti. Maneno ya fomu yatoke kwenye benchi, na waelimishaji rika wawepo yanapochaguliwa.

Wapo watakaosema hakuna muda. Muda upo kwenye foleni, ambako watu husubiri saa nzima mikono mitupu. Mimi linanitisha jambo jingine. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kama mtu amewaza kuwa afadhali afe, au ajidhuru. Aliyejibu ndiyo lazima aonwe siku hiyohiyo, faraghani, na mtu anayejua la kufanya. Karatasi yake ikitiwa kwenye faili na yeye akaruhusiwa aende, tutakuwa tumemfunua kidonda kisha tukampa kisogo. Heri tusingeuliza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayehudumu kliniki, kabla kituo chenu hakijachapa fomu hata moja, andikeni kwanza jina la atakayelipokea jibu hilo na chumba atakachokuwamo, na mhakikishe kina mlango unaofungika.