SIKU MBILI ZISIHUKUMU MIAKA SABA

Kila mwaka ifikapo Septemba watoto wetu wa darasa la saba huketishwa kwa siku mbili mbele ya karatasi ambazo maswali yake mengi ni ya kuchagua herufi: A, B, C, D au E. Aliyeelewa na aliyebahatisha hutia alama mahali pale pale, na mashine inayosahihisha haiulizi zaidi. Kwa herufi hizo huamuliwa nani aende sekondari na nani abaki mwaloni.

Hapa Kipili mtoto wa miaka 13 anajua giza la mwezi linaanza lini, na fedha za dagaa hugawanywaje baada ya kukata mafuta ya injini. Hiyo si hesabu? Mwambieni apime kilo tano za dagaa wabichi, awaanike, awapime tena kila jioni, aandike daftarini, kisha awaeleze wenzake ule uzito umekwenda wapi. Hapo mwalimu ataona sayansi, hesabu na Kiswahili kwa pamoja. Tena atajua nani kafikiri na nani kanakili. Herufi gani inaonyesha hayo?

Wala hatudai jambo geni. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alisema wazi kwamba mitihani hupima kukumbuka mambo na kuyatoa kwa saa iliyowekwa. Haifaulu kila mara kupima akili ya kufikiri, wala haipimi moyo wa kutumikia wenzako. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ikaazimia Musoma kwamba kazi za kila siku za mwanafunzi zihesabiwe pia. Hata leo Kidato cha Nne alama za kazi za shuleni huingizwa katika hesabu. Mtoto wa msingi ana kosa gani?

Watasema mwalimu atampendelea mtoto wa mwenyekiti. Kweli, upendeleo upo. Basi daftari likaguliwe na mwalimu wa shule nyingine, wa Kirando aje Kipili, wa Kipili aende Kirando, na mzazi alione kila muhula. Lakini mwalimu mwenye watoto mia darasani hawezi kazi hiyo. Waongezwe walimu; na hapo ndipo wakubwa huingia ububu.

Sera ya elimu, toleo la 2023, inafupisha elimu ya msingi iwe miaka sita. Katika upimaji mpya, nusu ya alama itoke katika daftari la kazi za mtoto. Tusiletewe mtihani ule ule uliopewa jina jingine.